Kufungasha kwa Ajili ya Baridi: Maandalizi ya Safari za Barafuni, 1888–1912

Safari ya kundi la watu wanaokwenda kupiga kambi katika nyika zilizofunikwa na theluji huamuliwa kwa kiasi kikubwa kabla ya yeyote kati yao kutoka mlangoni. Katika nchi ya joto, msafiri aliyesahau kitu huweza kusaidiwa na ardhi anayoipita, kwa kuwa ina kuni, maji na mara nyingi wenyeji. Juu ya uwanda wa barafu hakuna kuni, maji hupatikana kwa kuyeyusha theluji juu ya moto ambao mafuta yake yamebebwa, na chakula chote, cha kwenda na cha kurudi, sharti kitoke ndani ya mzigo au katika akiba iliyotangulizwa njiani. Kwa sababu hiyo, ufungashaji wa safari za baridi kali ulikua ukawa fani yenye mafundi, vipimo na kanuni zake. Fani hiyo ilipiga hatua kubwa kati ya mwaka 1888 na 1912, na ukiifuatilia kwa makini utaona mambo mawili: kwamba unyevu, hasa jasho na pumzi za wasafiri wenyewe, ulikuwa hatari isiyopungua baridi yenyewe, na kwamba maarifa bora ya kuukabili yalikuwa tayari mikononi mwa watu wa kaskazini ya mbali waliokuwa wameishi na baridi kwa vizazi vingi.

Hatua ya kwanza muhimu ilikuwa safari ya mwaka 1888, pale Mnorwe Fridtjof Nansen na wenzake watano walipokivuka kisiwa cha Greenland kutoka mashariki kwenda magharibi. Wawili kati ya wenzake hao, Samuel Balto na Ole Nielsen Ravna, walikuwa Wasami, yaani watu wa asili wa kaskazini ya Skandinavia ambao wengi wao hufuga reinidia, mnyama wa jamii ya kulungu anayestahimili baridi. Nansen alitengeneza upya sleji, chombo kisicho na magurudumu kinachoburutwa juu ya theluji, akakipa miguu mipana mfano wa skii, zile mbao ndefu na nyembamba zinazofungwa miguuni kwa ajili ya kuteleza, ili kisizame katika theluji laini. Aliunda pia jiko la masufuria yaliyozungukana, ambamo joto lililokuwa likipotea pembeni mwa sufuria la chakula liliyeyusha theluji katika chombo cha nje na kingine cha juu; kwa moto mmoja kundi lilipata mlo na maji ya kunywa, na uzito wa mafuta ukapungua. Wote sita walilala katika mifuko miwili ya ngozi ya reinidia, watatu katika kila mfuko, ili joto la mwili mmoja lisaidie mwingine.

Hata hivyo safari hiyo ilifunza pia kwa upungufu wake. Chakula chake kikuu kilikuwa pemikani, ambayo asili yake ni ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini: nyama iliyokaushwa, ikatwangwa na kuchanganywa na mafuta ya mnyama yaliyoyeyushwa, ili chakula kidogo kibebe nguvu nyingi. Pemikani aliyopata Nansen ilikuwa imeondolewa mafuta, na matokeo yake watu waliokuwa wakila nyama kila siku walishikwa na njaa ya mafuta ambayo posho yao ndogo ya siagi haikuweza kuituliza. Baada ya hapo waandaaji wa safari walipima posho, yaani kiasi cha chakula cha mtu kwa siku, kwa kuangalia mafuta yaliyomo kama walivyoangalia uzito wake.

Kifaa kilichokamilisha jiko la Nansen kilitoka Sweden mwaka 1892, wakati Frans Wilhelm Lindqvist alipoanza kutengeneza stovu iliyopewa jina la Primus, isiyo na utambi, ambayo husukuma mafuta ya taa kwa pampu hadi kwenye kichomeo chenye joto, ambako hugeuka mvuke na kuwaka kwa mwali mkali. Nansen aliitumia katika safari yake ya 1895 kuelekea Ncha ya Kaskazini, akiwa na mwenzake mmoja tu, Hjalmar Johansen. Moto wao ulikuwa bora kuliko wa awali, lakini mavazi yao yalikuwa ya sufu. Jasho la mchana liliganda ndani ya nguo zikawa ngumu kama ubao, hata mikono ya koti ikamchubua Nansen vifundo na kumwachia vidonda, na usiku walilazimika kuziyeyusha kwa joto la miili yao ndani ya mfuko wa kulalia. Tatizo la unyevu lilikuwa limejulikana, lakini halikuwa limepata jibu.

Jibu lilikuwa kaskazini mwa Kanada. Kati ya mwaka 1903 na 1905, Mnorwe mwingine, Roald Amundsen, alikaa majira mawili ya baridi katika ghuba iliyokuja kuitwa Gjøa Haven, jirani na Wanetsilik, ambao ni tawi la Wainuit. Huko alijifunza namna ya kuvaa ngozi za reinidia wa porini katika tabaka mbili, ya ndani ikiwa na manyoya yaliyoelekea mwilini na ya nje ikiwa na manyoya yaliyoelekea upepo, zote zikiwa pana na zisizobana. Upana huo ulikuwa na kazi maalumu: hewa ilizunguka kati ya mwili na ngozi, ikachukua mvuke wa jasho kabla haujaganda. Alijifunza pia kwamba mtu anayefanya kazi katika baridi hapaswi kufanya haraka mpaka alowe, kwa kuwa jasho la saa moja hugeuka kuwa barafu ya usiku mzima. Mavazi hayo yalishonwa na wanawake wa Kinetsilik kwa ufundi wa hali ya juu, na ni haki kusema kwamba mikono yao, ambayo majina ya wenyewe hayatajwi mara nyingi, imechangia historia ya Antaktika kwa kiasi kinacholingana na cha manahodha wengi.

Maarifa haya yote yalikutana mwaka 1911 katika nyumba ya mbao iliyoitwa Framheim, ambayo Wanorwe tisa waliijenga kwenye Ghuba ya Nyangumi, ukingoni mwa uwanda mkubwa wa barafu wa Ross huko Antaktika, wakijiandaa kwenda Ncha ya Kusini. Kabla ya giza kuingia, Amundsen na wenzake walipeleka akiba ya chakula na mafuta hadi nyuzi 80, 81 na 82 za latitudo ya kusini. Kwa kuwa rundo la masanduku ni kitu kidogo mno katika uwanda usio na alama, akiba ya nyuzi 80 iliwekewa bendera kumi kila upande, zikiwa zimepangwa mashariki na magharibi kuikata njia, ili msafiri aliyepotoka kidogo akutane na bendera na kujua aelekee wapi. Kisha, kuanzia Aprili hadi Agosti, ambayo katika kizio cha kusini ndiyo miezi ya baridi, jua lilizama lisionekane, na kundi zima likageuka karakana.

Majira hayo ya giza ndiyo kiini cha historia hii, kwa kuwa ni nadra kwa ufungashaji kupewa muda na heshima kiasi hicho. Wanaume hao walichimba vyumba chini ya theluji, wakaviunganisha kwa njia za ndani, na kila mmoja akapewa kazi iliyolingana na ustadi wake. Olav Bjaaland, seremala na bingwa wa skii kutoka Morgedal, alizipiga randa sleji nzito walizokuja nazo hadi uzito wake ukabaki takriban theluthi moja, huku Helmer Hanssen akisaidia kuziunga upya kwa kamba badala ya misumari, ili zijikunje juu ya matuta ya barafu bila kuvunjika. Jørgen Stubberud alipunguza unene wa mbao za masanduku. Oscar Wisting, akiwa na cherehani yake, alishona upya mahema na kuyaunganisha na sakafu, kwa kuwa hema lenye sakafu iliyoshonwa halipitishi theluji ya upepo na haling'olewi kirahisi maadamu wenyewe wamo ndani. Vitambaa vya mahema vilitiwa rangi ya giza, ili macho yaliyochoshwa na weupe wa mchana yapumzike.

Kazi ya kupanga chakula alikabidhiwa Hjalmar Johansen, yule aliyeganda ndani ya nguo za sufu pamoja na Nansen. Aliyapanga mapande ya pemikani, akajaza nafasi zilizobaki kwa mifuko ya maziwa ya unga na vipande vya chokoleti, na biskuti akazihesabu moja moja, ili idadi ya siku ambazo kila sanduku lingeweza kulisha watu ijulikane bila kukisia. Kila sanduku lilikuwa na kifuniko kidogo cha duara juu yake, hivyo mpishi wa zamu aliweza kutoa posho ya jioni bila kufungua kamba za sleji. Faida yake huonekana wazi mtu akizingatia kwamba katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri kila fundo linalofunguliwa kwa vidole vitupu ni hatari ya vidole kuganda. Viatu vilifumuliwa na kushonwa upya mara kadhaa, kwa sababu kiatu kinachobana huzuia damu, na soksi za ziada hazina msaada pasipo nafasi ya kuzivaa.

Katika majira yale yale, kwenye Rasi ya Evans, Waingereza walioongozwa na Robert Falcon Scott, ambao nao walilenga kufika nchani, walifanya jaribio la namna tofauti. Tarehe 27 Juni 1911, katikati ya giza, Edward Wilson, Henry Bowers na Apsley Cherry-Garrard waliondoka kwenda Rasi ya Crozier, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, kutafuta mayai ya ngwini wakubwa wanaoatamia wakati wa baridi, wakiburuta wenyewe sleji mbili zenye mzigo wa takriban kilo 343. Baridi ilifikia nyuzi 60 chini ya sifuri. Kwa kuwa safari hiyo ilikusudiwa pia kupima posho, walibeba pemikani, biskuti, siagi na chai peke yake, na kila mmoja alianza kwa uwiano wake, huyu akizidishiwa mafuta, huyu biskuti, huyu pemikani, kisha wakarekebishana kadiri miili yao ilivyodai. Kutokana na majaribio hayo ilipatikana posho ya nyanda za juu ya safari ya Scott, yenye biskuti gramu 454, pemikani gramu 340, siagi gramu 57 na sukari gramu 85 kwa mtu kwa siku, pamoja na chai na kakao kidogo.

Somo kubwa zaidi la safari hiyo lilitoka katika mizani. Mifuko ya kulalia, ambayo mwanzoni kila mmoja ulikuwa na uzito wa kilo 8 hivi, ilirejea tarehe 1 Agosti ikiwa na uzito wa kati ya kilo 15 na 20, na ongezeko lote lilikuwa barafu iliyotokana na pumzi na jasho la wenyewe. Nguo ziliganda mara walipotoka hemani, kiasi kwamba walijifunza kuinama haraka katika mkao wa kuburuta sleji kabla nguo hazijaganda katika umbo jingine. Dhoruba iliponyakua hema lao, walibaki wamelala chini ya theluji bila paa, na uhai wao ulitegemea bahati ya kulikuta baadaye likiwa zima. Ushujaa wao na uaminifu wao kwa wenzao vinastahili heshima kamili. Lakini uzito wa mifuko ile unathibitisha kwamba ushujaa hauwezi kukausha nguo.

Wanorwe nao hawakukosa adhabu. Tarehe 8 Septemba 1911 Amundsen, kwa hofu ya kutanguliwa na Scott, aliondoka mapema mno. Baridi ilizidi nyuzi 50 chini ya sifuri, maji ya ndani ya dira yakaganda, visigino vya baadhi ya watu vikaumizwa na baridi, na kundi likarudi nyumbani kwa mtawanyiko na ugomvi. Kilichofuata kinaonyesha thamani ya kuyachukulia maandalizi kama kazi inayoendelea: viatu vilirekebishwa tena, na kundi likapunguzwa. Mnamo Oktoba 19 waliondoka watu watano, sleji nne na mbwa 52. Walifika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911, wakarejea Framheim tarehe 25 Januari 1912, baada ya safari ya siku 99. Upande wa Scott, aliporudi kutoka nchani mwaka 1912, alikuta mafuta ya taa yakiwa pungufu katika akiba zake, kwa kuwa vizibo vya ngozi vya madebe vilikuwa vimeruhusu mafuta kuvuja, ilhali Amundsen alikuwa amehakikisha madebe yake yanazibwa kwa lehemu. Sababu za kifo cha Scott na wenzake ni nyingi, na upungufu huo ni mojawapo tu; lakini mafuta yaliyopotea yalimaanisha joto, maji na chakula moto vilivyopotea, kwa kuwa katika barafu vitu hivyo vitatu hutoka katika debe moja.

Hivyo, anayetayarisha leo kundi la watu kwenda kulala kwenye theluji, iwe Norwe, Kanada au kwingineko, anaendelea kutumia kanuni zilizothibitishwa katika miaka hiyo: nguo za tabaka zisizobana, posho iliyopimwa na kugawanywa mapema, mafuta yaliyozibwa vizuri, mizigo inayofunguka bila kuvua glavu, na kila kifaa kujaribiwa katika baridi yenyewe kabla ya siku ya kuondoka. Historia inayotaja bendera zilizosimikwa nchani pekee huwapa viongozi sifa yote. Historia ya ufungashaji huigawa sifa hiyo kwa haki zaidi: kwa seremala aliyepiga randa gizani, kwa aliyehesabu biskuti, kwa Wasami waliovuka Greenland, na zaidi ya wote kwa Wanetsilik, ambao walikuwa wamekwisha kulitatua tatizo la unyevu kabla wapelelezi wa Ulaya hawajatambua uzito wake.