Mota ya mashine ya kukereza: hitilafu na uchunguzi wake

Mota ya mashine ya kukereza ndiyo inayouzungusha mti ili patasi iuchonge uwe wa duara: mguu wa kitanda, nguzo ya ngazi, mpini wa jembe, bakuli. Msumeno wa umeme ukifa, fundi huchukua wa mkono. Randa vivyo hivyo. Kerezo haina mbadala wa namna hiyo karakanani. Mota ikigoma, miguu mitatu iliyokwisha kukerezwa huusubiri wa nne, na mwenye kitanda naye husubiri.

Hukumu ya kwanza ambayo mota hupewa siku hiyo ni "imeungua". Mara nyingi si kweli. Kwa fundi wa Juru hukumu hiyo ina gharama yake, maana mota iliyoungua sharti isafirishwe hadi Mbarara. Juru ni moja ya kanda tatu za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, pamoja na Base Camp na Rubondo, katika Wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania. Nakivale imepokea watu tangu wakati wa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959, na leo humo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi, na useremala ni kazi ambayo mtu huvuka nayo mpaka kichwani na mikononi. Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020, ndiko kwenye maduka ya vipuri na mafundi wa kusuka mota.

Lugha nayo ni sehemu ya uchunguzi. Umeme anaouita Mnyarwanda amashanyarazi, Mrundi huuita umuyagankuba, na Mkongo mara nyingi husema kuran, neno alilolitoa katika Kifaransa. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha mezani, na hapo "mota imekufa" huweza kuwa na maana tatu tofauti: iko kimya kabisa, inanguruma bila kuzunguka, au inazunguka kisha inazima. Fundi makini huuliza ni ipi kati ya hizo kabla hajashika bisibisi.

Ukimya mtupu ni habari njema kuliko unavyosikika. Maana yake umeme haufiki, na sababu huwa nje ya mota: fyuzi ya plagi, swichi iliyojaa unga wa mbao, waya uliokatika ndani ya ganda lake pale unapopindwa kila siku, au kinga ya joto iliyojifungua na inayotaka kubonyezwa tu baada ya mota kupoa. Kwa multimita, umeme hufuatwa kutoka ukutani, kituo kwa kituo, hadi unapopotea. Taa inayowaka kwenye soketi hiyohiyo si ushahidi wa kutosha: waya ulioshikilia kwa uzi mmoja wa shaba huwasha taa vizuri na kushindwa kabisa kuiamsha mota.

Kunguruma ndiko kwenye mafunzo mengi. Mota nyingi za karakana ndogo ni za laini moja, na mota ya aina hiyo haiwezi kuanza yenyewe. Husaidiwa na koili ya pili, ya kuanzia, inayopata umeme kupitia kapasita. Mota ikishika kasi, swichi ndogo ndani yake hufunguka kwa nguvu ya mzunguko na kuikata koili hiyo. Jaribio lake ni la kale na halina gharama. Mti hutolewa mashinini, mkanda huvuliwa, umeme huwashwa kwa sekunde chache tu, na puli husukumwa kwa kijiti, kamwe si kwa kidole. Ikishika na kukimbia upande wowote iliosukumiwa, koili kuu ni nzima. Kilichokufa ni kapasita, swichi ya ndani au koili ya kuanzia. Isiposhika, shafti huzungushwa kwa mkono umeme ukiwa umezimwa: ikiwa nzito au inakwaruza, beringi zimekwama.

Kapasita ndiyo ya kushukiwa kwanza. Iliyovimba au iliyovuja mafuta haihitaji kipimo. Ile ya kuanzia huwa na thamani kubwa, mara nyingi mikrofaradi 100 na zaidi, na ile inayobaki kazini muda wote huwa na makumi machache tu. Kuiweka moja mahali pa nyingine kwa sababu zinafanana umbo ni njia ya uhakika ya kuiua mota. Tena kapasita huweza kutunza umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. Mafundi wengi huziunganisha ncha zake kwa bisibisi na kufurahia cheche. Balbu ya zamani ya wati 60 iliyofungwa nyaya mbili hufanya kazi hiyo kwa upole, bila kuitoboa kapasita wala kumrushia mtu chuma machoni.

Ikiwa kapasita ni nzima, hufunguliwa kifuniko cha nyuma, na humo kerezo huonyesha tabia yake. Mota yake hukaa chini au nyuma ya kichwa cha mashine, mahali hasa ambapo unga wa mbao hutua, na feni yake huuvuta ndani. Punje moja kati ya vidomo vya swichi ya ndani inatosha kuzuia umeme usipite, na mota hunguruma kama iliyoungua. Karatasi ngumu safi ikipitishwa kati ya vidomo hivyo, mota huweza kufufuka papo hapo. Hiyo ndiyo safari ya Mbarara ambayo haikuwa na haja.

Lakini kuna kosa lisiloonekana hata mota ikifunguliwa yote: umeme wenyewe. Uganda hutumia volti 240 na hezi 50, ila kinachofika kwenye mashine ni kitu kingine. Nguvu ya mota kuanza hufuata mraba wa volti. Zikishuka hadi 200, hubaki takriban asilimia 70 tu ya nguvu hiyo. Chukua mota ya nguvu ya farasi mmoja, yaani wati 746. Ikiwa kazini hunywa ampea sita au saba, lakini inapoanza huweza kuvuta ampea 30 na kuzidi. Ukiivutia umeme kwa waya wa milimita mraba 1.5 ulioazimwa kwa jirani aliye mita 50, shaba ya kwenda na kurudi ina ukinzani wa zaidi ya omu 1, na volti 35 hupotea njiani wakati uleule mota inapohitaji msaada. Waya wa milimita mraba 4 hupoteza kama 13. Fundi akibadilisha kapasita tatu mfululizo na mota bado inanguruma, aangalie waya.

Kwa wanaotegemea sola hesabu ni hiyohiyo. Inveta iliyoandikwa wati 1,000 hujizima mota inapotaka zaidi ya volti-ampea 7,000 kwa nukta moja ya kuanza, na lawama huangukia mota. Jenereta ndogo haizimi, hulegea tu. Volti hushuka, swichi ya ndani haifunguki kwa sababu kasi haijafika, na koili ya kuanzia, ambayo haikuundwa kukaa na umeme kwa zaidi ya sekunde chache, hupika.

Ikiungua kweli, mota huacha maandishi, na fundi wa kusuka anayejua kuyasoma ana thamani zaidi kuliko anayejua kusuka tu. Koili ya kuanzia ikiwa nyeusi na kuu ikiwa bado ina rangi yake, swichi ilikataa kufunguka au mota ilipata shida kuanza. Koili kuu ikiwa nyeusi yote, ilibebeshwa mzigo kupita kiasi au volti zilikuwa duni muda mrefu. Gogo zito la bakuli lisilo na uwiano ni mzigo wa aina hiyo. Kwenye mota ya laini tatu iliyofungwa kwa nyota, koili za laini mbili zikiungua na za tatu zikabaki safi, laini moja ilipotea na mota ikaendelea kuhangaika kwa mbili. Kusuka upya bila kuondoa sababu hiyo ni kulipia moto wa pili.

Kabla ya kukata koili za zamani, fundi huhesabu mizunguko ya waya, hupima unene wake na kuandika koili inaruka nafasi ngapi. Kukosea hapo hakurekebishiki kwa vanishi. Akimaliza, hupima kwa mega ya volti 500 kama umeme hauvuji kwenda kwenye bodi: chini ya megaomu 1, mota hairudi kazini. Huu pia ni wakati wa kubadilisha beringi, na kwa karakana ya mbao zinazofaa ni zenye kizibo cha mpira pande zote mbili, kwani ngao ya chuma haizuii unga mwembamba. Mkanda ukikazwa mno, hata beringi hizo hazidumu.

Mota iliyosukwa hujaribiwa tupu, kabla ya mkanda kurudishwa. Ncha mbili za koili ya kuanzia zikiwa zimegeuzwa, mota itazunguka kinyumenyume, kimya na kwa nguvu zote. Kwenye msumeno kosa hilo huonekana mara moja. Kwenye kerezo ambayo sahani ya kubania mti imefungwa kwa parafujo, mzunguko wa kinyume huilegeza sahani yenyewe, taratibu, hadi itoke pamoja na gogo lililo juu yake.