Mbung'o, Dolly na Tumaini: nani analipa bei ya ng'ombe wa kloni?

Najua wengine mko kwenye presha ya test na wengine mnahesabu siku za boom, ila wiki hii naomba niwapeleke kwetu Ilagala, pale Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, kusini ya Ujiji. Kuna jamaa wa biolojia amekuwa ananitania kwamba watu wa Historia hatuna la kusema kuhusu ng'ombe wa kloni. Haya, leo anasoma hapa.

Tuanze na swali la nyumbani. Kwetu ukitaka mawese au dagaa, hapo hapo. Ukitaka maziwa ya ng'ombe, zunguka kwanza. Waha wa milimani kule Kasulu wamefuga tangu enzi na enzi, lakini mabonde ya Malagarasi yalikuwa himaya ya mbung'o. Inzi huyu anabeba vijidudu viitwavyo tripanosoma. Ng'ombe akiumwa naye anapata nagana: anakonda, damu inapungua, anakufa. Binadamu anapata malale. Aliyeonyesha uhusiano wa vijidudu hivyo na nagana ni daktari Mwingereza David Bruce, kule Zululand, miaka ya 1894 na 1895.

Waliosoma Kjekshus (kitabu chake cha 1977 kuhusu ikolojia na historia ya Afrika Mashariki) wanakumbuka hoja yake: mbung'o hakutawala kila mahali tangu mwanzo. Miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe, njaa na vita vikafyeka watu, mashamba yakarudi kuwa pori, na pori likamrudisha mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale ikapiga mwambao wa ziwa letu.

Sasa angalieni dawa zilizoletwa, na nani alilipa bei yake. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch alikuwa visiwa vya Sese, Uganda, akiwatibu wagonjwa kwa Atoxyl, dawa yenye aseniki. Baadhi yao wakapofuka. Wajerumani wakaendelea na kambi za malale mpaka Ziwa Tanganyika. Akaja Mwingereza, na miaka ya 1930 watu wa Uha wakakusanywa kwenye makazi maalumu ili watoke kwenye pori la mbung'o. Yaani watu wahame, waache mashamba na makaburi ya wazee wao, inzi abaki! Mara zote mbili bili ililetwa kijijini.

Kweli kuna ushindi. Unguja ilimaliza mbung'o mwaka 1997, kwa kuachia madume waliotasishwa kwa mionzi, waliofugwa kwenye maabara kule Tanga. Lakini Unguja ni kisiwa. Ukisafisha Ilagala leo, kesho mbung'o wanakuja toka pori la jirani bila nauli, teh teh.

Ndipo wanasayansi wakageuza swali: badala ya kumfukuza inzi, kwa nini tusipate ng'ombe asiyeugua? Nyani ana protini kwenye damu inayoua tripanosoma, hata zile zinazotuletea sisi malale. Profesa Jayne Raper wa New York alikuwa na wazo la kumpa ng'ombe jeni hiyo ya nyani. Njia mojawapo ni kuiweka jeni kwenye seli maabara, kisha seli ile ikuzwe iwe ndama, yaani kloni. Kwa hiyo ilibidi kwanza wajue kama ng'ombe wetu wa asili anaweza kufanyiwa kloni. Kituo cha ILRI cha Nairobi, wakisaidiwa na Bill Ritchie aliyekuwa kwenye timu ya Dolly pale Roslin, Scotland, wakatangaza mwaka 2016 kwamba wamempata dume la Boran. Wakamwita Tumaini. Huyu hakuwa na jeni ya nyani. Alikuwa ni kuonyesha tu kwamba inawezekana.

Sasa hapa ndipo jamaa yangu wa biolojia hushangilia, na ndipo mimi huuliza bei.

Dolly alizaliwa Julai 5, 1996. Alikuwa mmoja aliyefanikiwa kati ya mayai 277 yaliyotengenezwa. Mwaka 1998 Wajapani walipata ndama 8 wa kloni kutoka kwa ng'ombe mmoja, na 4 kati yao wakafa mapema. Kwa ujumla mimba nyingi za kloni huharibika. Kondo la nyuma halikui sawasawa, maji hujaa kwenye mfuko wa uzazi, ndama anakuwa mkubwa kupita kiasi, anazaliwa kwa shida, mapafu hayafanyi kazi vizuri, kitovu kinavimba.

Tatizo ni nini wakati DNA ni ile ile? Jibu linaitwa epijenetiki, na kwa mtu wa Historia ni tamu sana. Chukulieni DNA kama maktaba. Kila seli ina vitabu vyote, lakini kuna alama za kikemia zinazosema kipi kifunguliwe na kipi kifungwe. Seli ya ngozi imefunga karibu kila kitu isichohitaji. Ukichukua kiini chake ukakiweka kwenye yai lililotolewa kiini, unaliambia yai lifute alama zote hizo kwa muda mfupi. Mara nyingi linafuta nusu nusu. Mwaka 2001 watu wa Roslin walionyesha kwamba wanakondoo waliokua kupita kiasi, baada ya viinitete kulelewa maabara, walikuwa na alama zilizopotea kwenye jeni ya IGF2R, ambayo kazi yake ni kama breki ya ukuaji. Jeni yenyewe nzima, alama ndio imepotea. Kwa maneno mengine, seli nayo ina historia, na huwezi kuiamuru iisahau usiku mmoja.

Ila kuna habari njema mbili. Mwaka 2016 Kevin Sinclair na wenzake wa Nottingham waliwapima kondoo 13 wa kloni wenye umri wa miaka 7 hadi 9, wanne wakiwa wa seli zile zile za Dolly, na wakawakuta kwa ujumla wana afya njema. Ya pili, mbegu na mayai vinapotengenezwa mwilini alama huandikwa upya, kwa hiyo watoto wa kloni wanaozaliwa kwa njia ya kawaida hawarithi matatizo hayo.

Maana yake kwa Ilagala ni nini? Bei inalipwa mwanzoni, na anayeilipa ni mtamba anayebebeshwa mimba. Mfugaji mwenye ng'ombe watatu hawezi kumtoa mmoja wao kwa bahati nasibu hiyo. Basi bili ibaki maabara, na kijijini ije mbegu ya dume lililokwisha kukua na kupimwa. Hiyo ingekuwa mara ya kwanza katika hadithi hii mwanakijiji asianze yeye kulipa.

Lakini msishangilie bado. Dume mmoja akitawala mbegu zote, ng'ombe wote wanakuwa ndugu, na ugonjwa mmoja mpya unaweza kuwa sotoka nyingine. Halafu mbung'o, pamoja na ubaya wake, amekuwa mlinzi wa Malagarasi asiyelipwa mshahara. Ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi iliingia kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2000. Ng'ombe asiyeogopa inzi ataingia mpaka wapi? Hilo swali liulizwe kabla ndama hajazaliwa, na liulizwe Ilagala, sio Nairobi peke yake.

Nawakilisha. Watu wa biolojia, uwanja ni wenu, nirudieni kwenye maoni!