Uzoezaji: mbwa wa Pavlov, panya buku wa Morogoro na mwamba wa Geita

Kabla ya baruti kulipuliwa katika mgodi wa wazi, king'ora hulia. Kwa mtu aliyehamia Geita juzi, hiyo ni kelele tu ya mjini. Akishausikia mlipuko ukifuata mara kadhaa, king'ora peke yake kinamkaza mabega. Mwenyeji wa miaka mingi, kinyume chake, hata mlipuko wenyewe haumkatizi mazungumzo. Kiswahili cha kila siku kinawaambia wote wawili kwamba wamezoea, lakini kwa mwanasaikolojia wamekwenda pande mbili tofauti: mwenyeji amejifunza kutojali, mgeni amejifunza kushtushwa na kitu ambacho zamani hakikumshtua.

Hilo la mgeni ndilo alilolichunguza Ivan Pavlov nchini Urusi. Alikuwa mtaalamu wa mmeng'enyo wa chakula, na Tuzo ya Nobel ya 1904 alipewa kwa kazi hiyo. Aliona mbwa wake wakidondosha mate kabla chakula hakijafika, kwa dalili tu kwamba kinakuja. Akaambatanisha chakula na milio, ukiwamo wa metronomu, hadi mlio mtupu ukaleta mate. Neno alilolitumia lilihusu sharti: mate ya mlio hayaji mpaka mlio na chakula viwe vimekutana. Kwa hiyo anayeandika “mwitikio wa masharti” hajakosea, ingawa masikioni mwangu istilahi hiyo inanuka mkopo wa benki.

Mimi nachukua uzoezaji. Kuzoea humtazama aliyezoea basi. Kuzoeza hutulazimisha kuuliza nani, au nini, kimemzoeza. Mkulima wa Kishapu hahitaji kufafanuliwa hilo. Dume changa hulifunga nira pamoja na maksai mzoefu, anatoa sauti, fimbo inafuata, na likipiga hatua fimbo inakoma. Siku zikipita, sauti inatosha.

Dume hilo limeshaingia tawi la pili la uzoezaji, ambalo Mmarekani B. F. Skinner alilieleza katika kitabu chake cha 1938: kiumbe hutenda, na matokeo ya tendo huamua kama litarudiwa. Matokeo yanayolifanya lirudiwe huitwa kiimarishi. Shirika la APOPO, lililoko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, huyaunganisha matawi yote mawili. Panya buku hufundishwa kwanza kwamba mlio mdogo wa “tik” maana yake chakula. Huyo ni Pavlov. Kisha mlio huo na kipande cha ndizi huja pale tu anapoitambua harufu ya baruti. Huyo ni Skinner. Magawa, panya mzaliwa wa Tanzania aliyenusa mabomu ya ardhini Kambodia, alipewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Dhahabu bila kushuka duarani, yaani shimoni mwa mchimbaji mdogo!

Wanaoshuka duarani, kule Nyarugusu au Rwamgasa mkoani Geita, hawana mwalimu mwenye ndizi. Wanachimba, wanapandisha mawe, yanapelekwa karasha, yanasagwa, yanaoshwa mwaloni, zebaki inakamata dhahabu iliyomo. Mara nyingi ni kidogo mno. Siku moja, bila kanuni inayoonekana, ni nyingi. Mwaka 1957 Skinner na Charles Ferster walichapisha uchunguzi mpana wa ratiba za uimarishaji, na hapo ndipo inapoonekana nguvu ya malipo yasiyotabirika. Katika majaribio yao, njiwa aliyelipwa punje kila anapodonoa huacha upesi zikikatika. Aliyelipwa kwa nasibu huendelea kudonoa muda mrefu, kwa sababu ukame uleule amekwisha kuupita mara nyingi, na kila mara punje ilikuja. Kufifia kwa tendo, kama ninavyoiita hali ya kuacha, huchelewa sana.

Sisemi mchimbaji ni njiwa. Ana hesabu zake, na msimu wa pamba pia humtupa mkono. Ila swali la nani amemzoeza halijibiwi na mwamba peke yake. Mfanyakazi wa mgodi mkubwa hupokea mshahara mwisho wa mwezi, jiwe liwe na dhahabu au lisiwe nayo. Mchimbaji mdogo kwa kawaida hulipwa viroba vya mawe, baada ya mwenye leseni na mwenye duara kuchukua vyao. Bahati nasibu ya mwamba inahamishiwa mgongoni kwake, kiroba kwa kiroba, na mgawo huo umepangwa na watu.