Nyumbufu

Ufito mbichi hupindwa usivunjike. Huko ndiko kunyumbuka, na ufito huo ni mnyumbufu. Huko Garissa, nchini Kenya, neno hili lina nyumba yake hasa: aqal, ambayo wanawake wa Kisomali huijenga kwa fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka. Malisho yakiisha, nyumba hufunguliwa ikapakiwa juu ya ngamia.

Ninalitaka neno hilohilo kwa kurasa za intaneti. Mwaka 2010 mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte alieleza ukurasa mmoja unaojipanga upya kwa kadiri ya upana wa skrini: safu tatu za kompyuta huwa moja kwenye simu, picha hupungua, maandishi hubaki ya kusomeka. Tungeweza kufuata neno la Kiingereza na kuuita “ukurasa msikivu”, lakini usikivu ni wa sikio, na hapa kinachotendeka ni kujipinda.

Mfugaji wa Balambala, hukohuko Garissa, anayejaza fomu kwa simu ya mkononi hapaswi kuuvuta ukurasa kushoto na kulia akitafuta kitufe cha kutuma. Ukurasa wa kuvutwa hivyo ni ufito mkavu. Kwenye ukurasa mnyumbufu, kitufe anakikuta chini ya kidole gumba.