Huko Peru, Bisi ni Mzee Kuliko Chungu

Siku hizi ukitaka bisi nyumbani unamimina punje kwenye kikaangio cha hewa, unaweka nyuzi 200, basi, hata mafuta huyahitaji. Tunaona ni maajabu ya leo. Lakini pwani ya kaskazini ya Peru wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya bisi ya miaka kama 6,700 iliyopita, wakati watu wa huko hawajaanza hata kutumia vyungu!

Siri imo ndani ya punje. Maji kidogo yaliyomo yanageuka mvuke, na joto likifika nyuzi 180 hivi ganda linashindwa kuuzuia: paa!

Waliokuja baadaye walibadili chombo tu. Mwaka 1893 Charles Cretors alionyesha mashine yake ya mvuke kwenye maonyesho ya Chicago. Miaka ya 1930, Wamarekani wakiwa wamefilisika, bisi za senti chache ziliokoa majumba mengi ya sinema. Mwaka 1945 Percy Spencer akazipasua kwa mawimbi ya rada, njia iliyozaa maikrowevu.

Kwa hiyo bisi zikigoma, usikilaumu kikaangio kwanza. Punje iliyokauka mno haipasuki, hata kwenye mashine ya bei mbaya.