Mchezo wa Kriketi Katika Uganda, na Jinsi Ulivyofikishwa kwa Watoto wa Shule

Katika kitabu cha ukumbusho kama hiki ni desturi kutaja misikiti iliyojengwa, madrasa na shule zilizofunguliwa. Hayo ni haki yake. Lakini twaona ni vema kutaja pia kiwanja cha michezo, kwa kuwa historia ya kriketi katika nchi yetu ina funzo kubwa kwa kila jumuiya inayotaka kitu chake kidumu.

Kriketi ililetwa Uganda na Waingereza katika enzi ya ukoloni, nao watu wa Bara Hindi walioujua mchezo huo kwao wakauendeleza. Kila jamaa ilikuwa na klabu yake: Wazungu kwao, Wagoa kwao, Wahindu kwao, Waismailia kwao. Desturi hiyo haikuzuka hapa. Huko Bombay, mashindano makubwa yaligawanywa kwa dini, Wahindu, Waislamu, Waparsi na Wazungu, hata yalipokomeshwa mwaka 1946. Katika viwanja vya Afrika ya Mashariki, aghalabu palitandikwa jamvi la makumbi juu ya udongo mgumu, na juu ya jamvi hilo mtupaji akarusha mpira kuvilenga vijiti vitatu, na mpigaji akavilinda kwa gongo lake. Mchezo ulikuwa wa adabu na uvumilivu, lakini ulizungukwa na ua.

Mwafrika aliupata mchezo kwa mlango mwingine, nao ni shule. Katika shule za bweni za misheni, kama King's College Budo iliyofunguliwa mwaka 1906 na Busoga College Mwiri, walimu waliwafundisha wavulana kriketi pamoja na hesabu na Kiingereza. Basi tazama hali ya mtoto wa Kiafrika aliye Mwislamu. Klabu za Waasia, hata zile za Waislamu wenziwe, aghalabu hazikuwa zake; na shule za misheni wazazi wake waliziogopa kwa ajili ya dini ya mtoto. Alifungiwa milango miwili kwa mara moja, na mmojawapo ulikuwa mikononi mwa ndugu zake.

Mwezi wa Agosti 1972, serikali ya Idi Amin ilitoa amri ya kuwafukuza Waasia, ikawapa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu waliacha maduka, nyumba na makaburi ya wazee wao. Dhuluma hiyo ilikuwa kubwa, wala haipimwi kwa habari za michezo. Hata hivyo yafaa kusema kwamba klabu zilizokuwa nguzo za kriketi zilibaki bila watu. Mchezo ungeweza kuzikwa mwaka ule ule.

Haukuzikwa, maana mbegu yake ilikuwa imekwisha kupandwa shuleni. Mwaka 1975 timu ya Afrika ya Mashariki ilikwenda Uingereza kushiriki Kombe la Dunia la kwanza. Ilishindwa michezo yote 3, lakini miongoni mwa wachezaji wake walikuwamo Waganda wawili, John Nagenda na Samuel Walusimbi. Nyumbani, vijana waliotoka katika zile shule za bweni ndio walioshika klabu na kiwanja cha Lugogo, Kampala, katika miaka ya taabu. Mwaka 1998 Uganda ikapokewa katika baraza la kriketi la dunia kwa jina lake yenyewe.

Ndipo klabu na viongozi wa mchezo walipozidi kutambua kwamba haifai kungoja vijana waje. Mwalimu hana budi kuwaendea watoto. Njia yenyewe si ya gharama kubwa. Mtoto wa shule ya msingi hapewi mpira mgumu wa ngozi, bali mpira laini na gongo la plastiki. Kiwanja hufupishwa, na kila mmoja hupata zamu ya kupiga, kutupa na kudaka. Hufundishwa kutupa bila kuukunjua mkono ghafula kiwikoni, na kukubali neno la mwamuzi bila ubishi. Anayependa huelekezwa kwenye klabu iliyo karibu, mvulana na msichana sawasawa. Hata Uingereza, ulikozaliwa mchezo, iliona shule zake nyingi za serikali zimeuacha. Mwaka 2005 ukaanzishwa mpango wa Chance to Shine wa kupeleka walimu wa klabu za mitaani mashuleni.

Matunda yake twayaona. Frank Nsubuga alikulia Naguru, jirani na kiwanja cha Lugogo. Mwaka 1997, angali kijana wa miaka 16, alichezea timu ya Afrika ya Mashariki na Kati huko Malaysia. Mwezi wa Juni 2024, akiwa na miaka 43, alisimama Guyana katika Kombe la Dunia la mchezo mfupi, akaangusha wapigaji 2 wa Papua New Guinea kwa kutoa mbio 4 tu. Juma Miyagi naye akaangusha 2, na Riazat Ali Shah, mzaliwa wa Pakistani, akapata mbio 33. Uganda ikashinda. Michezo mingine 3 ilishindwa, na kwa tofauti kubwa. Lakini ushindi ule mmoja ulipatikana kwa mikono ya mwenyeji na mgeni pamoja, jambo ambalo klabu za zamani hazikulijua.

Ndugu zetu wa Rwanda nao ni mashahidi. Wengi waliokulia Uganda na Kenya walirudi kwao baada ya mwaka 1994 na mchezo huu mikononi, wakaufundisha. Mwaka 2023 wasichana wao walio chini ya miaka 19 waliwashinda Zimbabwe na West Indies katika Kombe la Dunia.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Nasi twaongeza kwamba mtoto wa kufundishwa si yule wa nyumbani mwako peke yake. Kilichofungiwa ndani ya ua kiliondoka pamoja na wenye ua; kilichopewa mtoto wa jirani ndicho kilichobaki. Na tulitazame jambo hilo kila tunapopanga kazi za chama, iwe ni kiwanja, maktaba au zahanati. Mwenyezi Mungu atupe moyo wa kufungua milango yetu mapema.