Wanawake katika Fantasia ya Kishujaa, 1666–2018

Mwaka 1666 Margaret Cavendish, bibi wa tabaka la makabaila wa Uingereza, alichapisha The Blazing World. Humo mwanamke anatekwa, tufani inakipeleka chombo hadi Ncha ya Kaskazini, watekaji wanakufa kwa baridi, naye anavuka hadi dunia nyingine na kuwa malkia mwenye mamlaka yote. Katika dibaji Cavendish alieleza kwamba, kwa kuwa hakujaliwa kuiteka dunia kama Alexander na Kaisari, amejiumbia yake. Mwaka uliofuata alizuru Royal Society, chama cha wanasayansi wa London. Chama hicho hakikumpokea mwanamke kuwa mwanachama kamili hadi 1945.

Zaidi ya karne mbili baadaye, mwaka 1905, Rokeya Sakhawat Hossain, Mwislamu wa Bengali aliyelelewa utawani, alitoa hadithi fupi Sultana's Dream katika jarida la Madras. Katika nchi aliyoibuni, wanaume ndio wanaokaa utawani, na adui anatimuliwa kwa miale ya jua iliyokusanywa na wanawake wasomi. Vita vinaisha bila damu kumwagwa kwa mkono.

Upanga ulikuja na majarida ya bei nafuu ya Marekani. Oktoba 1934 Weird Tales lilichapisha hadithi ya kwanza ya C. L. Moore kuhusu Jirel, mtawala wa ngome ya Joiry. (Wengi husema Moore alitumia herufi kuficha jinsia yake, mwenyewe alisema aliogopa mwajiri wake, benki.) Jirel alikuwa shujaa kamili, ila njia aliyoipita ilikwisha kuchongwa na wanaume. Tolkien naye, katika The Lord of the Rings ya 1954–55, alimpa Éowyn, mhusika wa kike, pigo kubwa kuliko yote vitani, kisha akamwacha aweke silaha chini na kuolewa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, harakati za ukombozi wa wanawake zilipopamba moto, Joanna Russ alianza kuandika hadithi za Alyx, mwanamke anayeishi kwa ujanja na kisu chake. Katika insha ya 1972 alidai kwamba visa vyenyewe tulivyorithi viliundwa kwa ajili ya wanaume, hivyo kubadilisha jina la mhusika hakutoshi. Hoja hiyo ndiyo kiini cha historia hii yote.

Aliyeitimiza kwa gharama kubwa zaidi ni Ursula K. Le Guin. Katika A Wizard of Earthsea, 1968, alidiriki kumpa Ged, mhusika wake mkuu, ngozi ya hudhurungi, jambo la nadra wakati ule. Hata hivyo shule ya uchawi ya Roke ilikuwa ya wanaume tupu, na uchawi wa wanawake ulidharauliwa. Juzuu tatu za Earthsea zilikamilika mwaka 1972. Miaka 18 ilipita ndipo juzuu ya nne, Tehanu, ikatoka, na ndani yake Tenar, aliyekuwa kuhani kijana katika juzuu ya pili, ni mjane wa makamo anayelima shamba na kumlea mtoto aliyeunguzwa kikatili. Ged anarejea bila nguvu zake, na swali la nani aoshe vyombo lina uzito kama lile la nani akalie kiti cha enzi. Wasomaji wengine waliudhika. Mwaka 2001, katika Tales from Earthsea, Le Guin alikwenda mbali zaidi: Roke, kumbe, iliasisiwa na wanawake pamoja na wanaume, kisha wanawake wakafungiwa mlango. Hakufuta alichoandika zamani. Aliupa ubaguzi ule mwanzo na sababu, kama tunavyoufahamu katika dola za kweli.

Kati ya hapo, mwaka 1983, Tamora Pierce aliwaletea vijana Alanna, binti anayejigeuza mvulana apate kufunzwa upanga. Soko lilipanuka, lakini wengi waliofuata walirudia Jirel tu.

Njia ya Tenar ilimfikia N. K. Jemisin. Katika The Fifth Season ya 2015, Essun ni mama wa miaka 42, mwenye uwezo wa kuituliza au kuipasua ardhi, anayemsaka binti yake baada ya mumewe kumuua mwana wao. Watu wa aina yake wanaogopwa, wanatumikishwa na kuuawa. Utumwa na umama vinabebwa na kisa kimoja. Riwaya hiyo na mbili zilizoifuata zilitwaa tuzo ya Hugo mwaka 2016, 2017 na 2018. Hakuna mwandishi mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyekuwa ameipata Hugo ya riwaya miaka mitatu mfululizo.